Anza na Sura ya Tatu: Mwongozo wa Kuitambua Tasnifu Bora

Mwanza ni jiji la samaki na dhahabu, na pia ni jiji la vyuo. Malimbe kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998 baada ya kuanza Nyegezi mwaka 1960 kama taasisi ya mafunzo ya jamii. Bugando kuna chuo kikuu cha afya, na jijini na vitongojini kuna matawi ya vyuo vya fedha, biashara na mipango. Mwanafunzi hudaiwa tasnifu au ripoti ya utafiti kabla ya kuvaa joho, na kazi hizo hugusa maisha ya watu wa hapa: mikopo ya wachuuzi wa dagaa, haki ya mjane katika ardhi, bei ya sangara, zege lililochanganywa na majivu. Ofisa uvuvi huzinukuu kwenye taarifa yake, wakili hutafuta hoja ndani yake, na mhandisi kijana huiga vipimo vyake.

Shida ni kwamba kwa nje zote zinafanana. Zina jalada gumu, herufi za dhahabu, sura tano, majedwali na kurasa kadhaa za marejeo. Mwongozo huu ni wa msimamizi, mtahini, mwajiri na msomaji yeyote anayetaka kutenganisha kazi ya dhati na kazi ya bora liende. Kigezo kikuu ni kimoja, na kinafaa fani zote: je, utafiti ulifanywa kwa namna ambayo jibu lingeweza kuwa "hapana"? Tasnifu ambayo jibu lake lilikuwa limeshaandikwa kabla mwandishi hajatoka chumbani haina thamani, hata kama Kiingereza chake ni fasaha na majedwali yake yamenyooka.

Kipimo cha juu kimetoka hapa hapa

Mwambao huu umewahi kutoa utafiti wa wanafunzi uliotikisa dunia. Tangu mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wakichunguza samaki wadogo waitwao furu wa Ghuba ya Mwanza. Sangara alikuwa amepandikizwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wakitoweka kwa kasi. Lawama nyingi zilimwangukia sangara. Baadaye Ole Seehausen, akiwa mwanafunzi wa uzamivu, aliuliza swali jingine: je, kuchafuka kwa maji nako kunapunguza aina za furu?

Alilinganisha sehemu zenye maji maangavu na zenye maji machafu katika visiwa vya mawe. Palipokuwa na mwanga hafifu, rangi za madume zilififia na aina za samaki zilikuwa chache. Mwingine angeishia hapo na kuandika hitimisho. Yeye na wenzake waliendelea hadi maabara. Majike wa aina mbili zinazokaribiana sana, mojawapo ikiwa Pundamilia nyererei iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, waliwekwa kwenye mwanga wa kawaida, wakachagua madume wa aina yao. Mwanga ulipobadilishwa ili tofauti ya rangi isionekane, uchaguzi ukavurugika. Makala yao ilitoka katika jarida la Science mwaka 1997.

Mambo matatu yaliipa kazi ile uzito. Swali lilikuwa na maelezo mengine ya kushindana nayo. Ulikuwepo ulinganisho wa wazi kati ya maji maangavu na machafu. Na lilifanyika jaribio ambalo lingeweza kumwumbua mtafiti mwenyewe. Yatafute hayo matatu katika kila tasnifu, iwe ya benki, ya mahakama au ya saruji.

Namna ya kusoma

Usianze na ikisiri, maana hiyo huandikwa mwisho na imepambwa. Soma swali la utafiti katika sura ya kwanza, kisha ruka hadi sura ya tatu, inayoeleza mbinu. Kutoka hapo nenda kwenye viambatisho ukaangalie dodoso au fomu ya vipimo. Ndipo usome matokeo katika sura ya nne. Mapitio ya maandishi na ikisiri viache mwisho. Kwa mpangilio huu utajua mwandishi alifanya nini kabla ya kusikia anajisifu kwa nini.

Katika viambatisho, angalia pia kama dodoso la Kiswahili lipo. Mchuuzi wa soko la samaki la Kirumba hakuhojiwa kwa Kiingereza, kwa hiyo toleo aliloulizwa kwa kweli ndilo unalostahili kuliona.

Fedha na uchumi: uliza "ukilinganisha na nani?"

Mada inayopendwa sana ni mchango wa mikopo ya VICOBA au SACCOS katika kipato cha wafanyabiashara wadogo. Mada ni nzuri, hasa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipoviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne la watoa huduma. Kazi nyingi huharibikia kwenye dodoso. Utakuta sentensi "Mkopo umeinua kipato changu", na mbele yake visanduku vitano kuanzia "nakubali sana" hadi "nakataa sana". Mama anayedaiwa na kikundi, akihojiwa na kijana mwenye kitambulisho cha chuo, atakubali sana. Hapo kimepimwa adabu, si kipato.

Dodoso zuri huuliza mambo yanayohesabika: mara ya mwisho ulinunua ndoo ngapi za dagaa, kwa bei gani, ulisafirisha kwa shilingi ngapi, ziliharibika ngapi, uliuza wapi. Kisha huwauliza hayo hayo wachuuzi wa mwalo huo huo wasio na mkopo. Bila kundi la pili hakuna ulinganisho. Na hata likiwepo, mwandishi mzuri hukumbuka kwamba anayejiunga na kikundi huenda alikuwa na bidii au mtaji zaidi tangu mwanzo, akaeleza alivyolishughulikia hilo.

Tazama tarehe za kukusanya data. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti vizuri, na mitumbwi mingi hupumzika kwa siku kadhaa. Mvua zikinyesha, dagaa walioanikwa mchangani huoza. Tasnifu iliyopima mapato kwa wiki moja bila kutaja mwezi wala msimu imepima anga. Mtafiti anayelijua ziwa hupanga ziara zake siku za giza na za mbalamwezi, kiangazi na masika, na huandika hivyo waziwazi.

Njoo kwenye sampuli. Fomula ya Yamane ya mwaka 1967 imeenea vyuoni kwetu. Kwa watu 2,000, ukikubali kosa la asilimia 5 inakupa 333. Ukikubali asilimia 10 inakupa 95 tu. Kwa hiyo ukiona sampuli ya watu 95 au 98, angalia kama mwandishi ametetea kwa nini alichagua kosa kubwa, au alitafuta tu idadi ndogo ya kuhoji. Halafu uliza jambo ambalo fomula haijibu: walichaguliwaje? Anayedai alichagua kwa bahati nasibu lazima aonyeshe orodha aliyochagulia. Mwaloni kuna watu wengi wasio kwenye orodha yoyote; anayekiri hivyo na kueleza alivyofanya ni mkweli kuliko anayenakili maneno ya kitabu cha mbinu.

Kwa tasnifu zinazotumia takwimu za miaka, kama mikopo ya benki na pato la taifa, usishangilie uhusiano mkubwa. Vitu viwili vinavyopanda kila mwaka vitaonekana vinahusiana hata kama havijuani. Granger na Newbold walilionyesha hilo mwaka 1974. Tafuta kipimo cha kuondoa mwelekeo huo wa kupanda, na uhesabu miaka mingapi imetumika kwa vigezo vingapi. Miaka 25 haiwezi kubeba vigezo kumi.

Sheria: tafuta hukumu inayompinga mwandishi

Ushahidi wa tasnifu ya sheria ni vifungu na hukumu. Mfano wa kupimia uko Mwanza penyewe. Februari 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alitoa hukumu katika shauri la Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory. Mwanamke wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Mahakama ya mwanzo ilibatilisha mauzo, Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua uamuzi huo, na Mahakama Kuu ikasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kuuza inayopewa mwanamume inakinzana na haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Tasnifu dhaifu huitaja hukumu hii kwa mstari mmoja, ikatangaza kwamba suala la mwanamke na ardhi limekwisha. Tasnifu bora huisoma yenyewe, siyo muhtasari wake katika kitabu cha mtu mwingine, na hutambua kwamba iliyoamuliwa ni haki ya kuuza. Kanuni za urithi katika tamko la sheria za mila la mwaka 1963 zilibaki. Wajane wawili wa Kisukuma walipozipinga, Mahakama Kuu ilikataa kuzibatilisha mwaka 2006, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka wajibu wake. Mwandishi anayeziweka hukumu hizi mbili uso kwa uso, kisha akaeleza kwa nini mahakama zile ziliachana njia, amefanya utafiti. Anayechagua moja inayompendeza ameandika hotuba.

Kwa hiyo, fungua orodha ya mashauri na utafute angalau hukumu moja inayokwenda kinyume na hoja yake. Isipokuwepo, shaka ianze. Angalia pia toleo la sheria alilotumia: Toleo la Urekebu la 2023 lilianza kutumika Julai 2025, na anayenukuu vifungu bila kutaja toleo anaweza kukupoteza.

Kwenye mada za ufukweni, jiulize kama mwandishi alitoka maktabani. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kukinukuu ni rahisi. Kazi yenye thamani hufika mwaloni, hupima shughuli zilipo, huzungumza na kikundi cha usimamizi wa mwalo (BMU) na ofisa mazingira, kisha hueleza kifungu kinavyotekelezwa au kinavyoachwa.

Vifaa vya ujenzi: tazama rangi ya majivu

Kanda ya Ziwa inalima mpunga, na pumba hutupwa au huchomwa ovyo. Ndiyo maana wanafunzi wa uhandisi hupenda kujaribu majivu ya pumba badala ya sehemu ya saruji. Hapa ubora huonekana mapema, kwenye picha ya majivu. Yakiwa meusi, kaboni haijaungua vizuri. Yakichomwa kwa joto la juu sana, silika yake hugeuka fuwele na kupoteza uwezo wa kushikana na chokaa ya saruji. Moto unaofaa hauzidi takriban nyuzi joto 700. Mwandishi asiyetaja joto, muda wa kuchoma na alivyosaga, hajakuambia alijaribu kitu gani. Mwingine hawezi kurudia kazi yake, na jaribio lisiloweza kurudiwa halina faida.

Kisha kagua tofali za majaribio, zile za milimita 150 kila upande. Zinapaswa kuwa tatu au zaidi kwa kila mchanganyiko na kila umri, pamoja na nyingine zisizo na majivu kabisa. Soma kiasi cha maji kwa makini. Majivu hunywa maji. Mwanafunzi akiongeza maji ili zege lilainike, nguvu ikashuka, atayalaumu majivu ilhali kosa ni la maji. Anayejua kazi hushikilia uwiano wa maji, au hueleza alivyotenganisha athari hizo mbili. Angalia pia kama alivunja tofali siku ya 28 tu. Majivu haya hufanya kazi polepole, na aliyesubiri hadi siku ya 56 au 90 amewapa wasomaji ukweli zaidi.

Nguvu pekee haitoshi kwa mji wa ziwani. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, linasimama juu ya nguzo zilizo ndani ya maji. Tasnifu inayopendekeza zege kwa gati, mwalo au karo la maji lazima ipime jinsi zege hilo linavyopitisha maji na linavyochakaa.

Sura ya tano haidanganyi

Mapendekezo hufichua kila kitu. "Serikali itoe elimu kwa wavuvi" inaweza kubandikwa kwenye tasnifu yoyote ya mwaka wowote, na aghalabu ni dalili kwamba matokeo hayakusema lolote. Pendekezo la kweli hutokana na jedwali unaloweza kulinyooshea kidole, na hutaja nani afanye nini: kikundi kibadilishe ratiba ya marejesho ifuate siku za giza, au halmashauri ijenge vichanja vya kuanikia kabla ya masika.

Iheshimu tasnifu inayosema "hatukuona tofauti" na kuthibitisha hivyo. Ina faida kuliko kumi zinazosema kila kitu kina "mchango mkubwa". Wasimamizi wasiwalazimishe wanafunzi kuficha majibu ya namna hiyo, na watahini wasiwakate alama kwa sababu hiyo.

Nanyi mnaoandika sasa, kabla ya kupeleka kazi kujalidiwa, rudini kwa waliowapa data. Wasomeeni sura ya nne wachuuzi wa Kirumba, makarani wa mahakama na mafundi wa zege, muwape nafasi ya kusema "hapa si kweli". Tasnifu itakayosimama mbele yao itasimama mbele ya mtahini yeyote.