Mikate ya Napoli Usukumani: Kausha Nyama Kwanza

Anayerudi Shinyanga au Geita kutoka Italia na hamu ya panini napoletani, mikate midogo ya kujazwa ya Napoli, huanza kwa kuorodhesha anachokosa: salami, jibini ya provolone, mafuta ya nguruwe, oveni. Orodha hiyo inampotosha. Itazame kazi yenyewe. Donge la unga wa ngano lenye hamira husukumwa likawa pana, hupakwa mafuta na pilipili manga, hutandazwa vipande vya salami, jibini na mayai ya kuchemsha, kisha huviringishwa kama mkeka, hukatwa na kuokwa. Vyote vinavyowekwa ndani vinafanana kwa jambo moja: havitoi maji. Salami imetiwa chumvi na kukaushwa, provolone imekomaa, yai limekwisha kuganda. Ninachoshikilia ni kwamba mkate huu umesimama juu ya ukavu wa vya ndani na mafuta yaliyo kati ya tabaka, na vyote viwili Usukumani vipo.

Ukijaza nyama yenye rojo, tabaka la donge linaloigusa hunyonya maji na kubaki utelezi hata ganda la nje likishaiva. Kuongeza muda wa kuoka hakusaidii, kwa sababu sehemu yenye majimaji haivuki joto la maji yanayochemka. Mji wa Shinyanga uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ganda litaungua kabla ndani hapajakauka. Basi ukavu utafutwe kabla ya kuoka. Nyama ya ng'ombe ya kusaga ichemke na vitunguu, chumvi na pilipili manga mpaka maji yake yaishe na ianze kukaangika kwa mafuta yake, kisha ipoe kabisa, maana nyama ya moto huyeyusha mafuta na kuvuruga hamira. Kwa nusu kilo ya unga, robo kilo ya nyama iliyokwisha kukauka na mayai 3 yanatosha. Nafasi ya mafuta ya nguruwe inachukuliwa vizuri na samli, kwa kuwa nayo karibu yote ni mafuta. Majarini ina maji, na maji ndiyo tunayoyakimbia.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Mchana wa Shinyanga unaweza kupita nyuzi 30, na hamira huenda mbio. Kijiko 1 cha chai kinatosha, donge likandwe kwa maji ya mtungini, na mwokaji aangalie limeumuka mara mbili, asiangalie saa. Kiangazi hewa kavu hulitia donge ngozi, hivyo lifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Kuhusu oveni, waokaji wa mkate wa kumimina walishalitatua hilo: sufuria juu ya moto mdogo, na makaa mengi yakapaliwa juu ya mfuniko. Hapa mpangilio huo unahitajika zaidi, kwa sababu samli huvuja chini na kuunguza kitako. Pingamizi zito ni la mkaa wenyewe, katika mkoa wa Shinyanga, ambako kuanzia 1986 mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulirudisha miti kwa kufufua ngitili, yaani malisho ya kuhifadhiwa ya Wasukuma. Ninalikubali. Ndiyo maana mikate iwe midogo, ya gramu 80 hadi 100, iive kwa karibu nusu saa, na iokwe mingi kwa moto mmoja. Mwenye oveni ya umeme au gesi aitumie.

Wengine watasema bila salami na jibini huo si mkate wa Napoli. Wana haki upande wa ladha. Upande wa ufundi nabisha, kwani viringisho, mafuta na ukavu vimebaki vilevile. Tofauti ya kweli iko kwenye kudumu: salami hulindwa na chumvi na kuiva kwake, nyama yetu iliyokaushwa jikoni hailindwi hivyo. Mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu au Mwakitolyo anaweza kuubeba kazini bila sahani, lakini uokwe alfajiri na uliwe asubuhi ileile. Anayetaka ukae zaidi aache nyama na mayai, ajaze vitunguu vilivyokaangwa kwa samli mpaka vikauke.