Yaya Asifiwe, Kisha Alipwe

Katikati ya miaka ya 1970, watafiti wa Kimarekani walikuwa Gusii, magharibi mwa Kenya, wakichunguza jinsi watoto wachanga wanavyolelewa. Kiongozi wao, Robert LeVine, hakuwa mgeni. Alikuwa amefika huku mara ya kwanza miaka ya 1950, akakaa katika jamii ambayo vitabuni aliiita Nyansongo. Safari hii walikuja na kamera, na akina mama wa hapa wakaonyeshwa video za wenzao wa Marekani. Wakamwona mama akimbadilisha mtoto nepi. Mtoto analia, naye mama anaendelea na shughuli yake mpaka aimalize. Wanawake wa Gusii walishtuka. Mtoto analia, na mtu mzima yuko hapo hapo, mikono anayo, anangoja nini?

Hulikumbuka jambo hilo kila ninaposikia mtu akisema kwamba kulea mtoto hakuhitaji ujuzi, kwamba msichana yeyote kutoka kijijini ataweza. Wale akina mama walikuwa wanakagua kazi. Walikuwa na kipimo chao, wakaitazama kazi ya mwenzao, wakaona imepungua. Fundi wa mawe wa Tabaka hukitazama kinyago cha mwenzake kwa jicho hilo hilo.

Kwa kawaida mama wa Gusii wa wakati huo hakulea peke yake. Alikuwa na shamba la wimbi na mahindi, baadaye majani chai na kahawa, na mara nyingi mume yuko mbali, Kericho kwenye mashamba ya chai au Nairobi. Mtoto mchanga alikabidhiwa omoreri, mlezi mdogo, dada yake au binti wa ndugu, pengine wa miaka sita hadi kumi. Pasipokuwa na msichana, mvulana alishika zamu. Omoreri alimbeba mtoto mgongoni, akakaa karibu na nyumba, akamtuliza, akamlisha uji, na alipozidiwa akamwita mama shambani. Usiku mtoto alirudi kwa mama. Ulikuwa mpango kamili, wenye msimamizi na wenye mafunzo, maana omoreri wa leo ndiye mama wa kesho.

Sina hamu ya kuurudisha mpango huo. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, omoreri alivaa sare akaenda shule, na hapo ndipo mahali pake. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyomzuia kusoma. Kumpakata mtoto wa mtu mchana kutwa si kazi nyepesi, na asemaye ni nyepesi hajawahi kuifanya mpaka saa kumi jioni. Lakini omoreri alipoondoka, mtoto alibaki palepale, na mama bado anatoka alfajiri kwenda kuchuma majani chai Kebirigo au kupanga ndizi sokoni Daraja Mbili. Pengo hilo limejazwa na yaya. Tulichosahau kubadilisha ni hesabu. Omoreri alilipwa kwa chakula, nguo na undugu, na hadi leo nyumba nyingi zinamlipa mwanamke mzima kama vile bado ni binti wa shangazi aliyekuja kusaidia.

Mtazame yaya anayeijua kazi anapompokea mtoto asubuhi. Hamwendei mbio. Mtoto wa miezi minane akimwona mtu anamjia mikono imenyooshwa huuficha uso begani kwa mama yake na kuanza kulia. Anayejua hukaa chini kwanza. Huongea na mama mambo ya kawaida: mvua ya usiku, kikohozi kimeendaje, ameamkia maziwa au uji. Mtoto naye anampima kwa macho. Baadaye yaya hutoa kijiko au kifuniko cha chupa, akakigeuzageuza mwenyewe, hampi. Ni mtoto anayenyoosha mkono. Mama akitaka kuponyoka kwa mlango wa nyuma ili asilie, yaya hodari humkataza. “Mwage, mama. Atalia kidogo, lakini kesho hatakuwa anakuchunga mlangoni.”

Kisha mgongo. Yaya huinama mpaka mgongo ukawa bapa, humpandisha mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huizungusha leso. Upindo wa chini hupita chini ya makalio na kuinua mapaja, miguu ikakumbatia kiuno. Upindo wa juu hupita chini ya makwapa yake mwenyewe na kufungwa juu ya matiti. Shavu la mtoto hugeuzwa upande, pua ibaki wazi. Akishafunga, huruka kidogo mara moja kujaribu fundo. Sasa mikono miwili ni huru: anaipaka mafuta utomvu usimgande, anaanza kumenya ndizi. Ila mafuta yakiwekwa motoni, mtoto hushushwa. Sijamwona yaya mzuri akikaanga kitu huku mgongo wake una mtu.

Sehemu kubwa ya ufundi huu ni kujua kitakachotokea kabla hakijatokea, na ndiyo maana hauonekani. Chupa ya chai ya moto iko ukingoni mwa meza, na kitambaa cha meza kinaning’inia mahali mkono wa mtoto anayejifunza kusimama unapofika. Yaya hukikunja kitambaa, hakuna anayemwona. Beseni la maji ya kufulia halibaki sakafuni hata kama anakwenda tu kuanika nguo moja. Mafuta ya taa hayakai kwenye chupa ya soda. Mwezi wa Julai, baridi ya milima hii inapouma, kuna anayeingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha ili mtoto alale vizuri, na hewa ya makaa haina harufu ya kumwamsha mtu. Yaya anayejua huliacha jiko nje, akaongeza blanketi. Jioni mama anarudi, anamkuta mtoto mzima, na kwa macho yake hakuna kilichofanyika siku nzima.

Kuna masikio pia. Kilio cha njaa huanza kidogo na kupanda. Cha usingizi huenda na kurudi, na mkono unasugua jicho. Cha maumivu hutoka kwa ghafla na pumzi hukatika katikati. Hayo huyajui kwa kuambiwa. Homa ikipanda, yaya mzuri hakimbilii chupa ya dawa iliyobaki tangu mwezi uliopita. Huku nyanda za juu malaria hupanda kwa msimu, na homa ya mtoto si jambo la kukisia. Hutazama saa, hukumbuka mtoto ametapika mara ngapi na amekojoa mara ngapi, humpigia mama simu, na wakifika kliniki ni yeye anayejibu maswali ya daktari. Akiharisha, hutafuta ile paketi ya chumvi na sukari ya kuongezea maji mwilini, akasoma kwenye paketi ni maji kiasi gani, akapima. Kupima huko ndiko tofauti ya fundi na mkisiaji.

Jambo moja ambalo kwalo yaya wa leo anamzidi mama wa zamani ni maneno. Kina LeVine, katika kitabu chao cha mwaka 1994, waliandika kwamba akina mama wa Gusii waliwatuliza watoto haraka na kuwabeba sana, lakini hawakuongea nao mengi wala kuwatazama usoni kwa muda mrefu. Mambo ya utani yaliachiwa nyanya, kwa sababu kati ya mzazi na mtoto kuna chinsoni, heshima yenye mipaka, na kati ya nyanya na mjukuu mipaka hiyo imelegezwa. (Nyanya wa Kisii anayemwita mjukuu wake “mume wangu” si ajabu kwa yeyote aliyekulia huku.) Yaya ameirithi kazi ya wote wawili. Anatuliza kama mama na anapiga soga kama nyanya, anahesabu ndizi kwa sauti huku akizimenya, Kiswahili, Ekegusii, na Kiingereza kidogo cha kutoka kwa redio. Mwalimu wa chekechea anayempokea mtoto huyo hajui ni nani aliyemtangulia.

Waswahili walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Tumeupenda msemo huo, tunauchapa kwenye leso, na mwisho wa mwezi tunaupatania bei.

Mapatano yenyewe nimeyasikia yakienda hivi. Yaya anasema, “Mama, kabla hatujaenda mbali tuongee mambo ya pesa.” Mama mwenye nyumba anajibu, “Aah, dada, wewe ni wa nyumbani, hatutakosana.” Basi yaya anaona haya, ananyamaza, na mtoto anapakatwa. Mwezi ukiisha wanakosana. Neno “wa nyumbani” hutumika siku ya kulipa tu. Siku ya kugawa nyama yaya anakuwa mgeni tena. Anayeijua kazi hutaja bei kabla mtoto hajafika mapajani mwake, kwa sababu akishampakata, moyo utamwia mgumu kumrudisha.

Bei ya haki ni ipi? Serikali imeiandika. Katika agizo la mishahara, yaya wa watoto ametajwa kundi moja na mfagizi, mtunza bustani na tarishi. Kumweka mlinzi wa roho ya mtu pamoja na mtunza bustani kunanikera, lakini angalau ametajwa. Kiwango kilichoanza Novemba 2024 kwa miji iliyokuwa na manispaa, kama Kisii, kilikuwa takriban shilingi 14,867 kwa mwezi. Kwa maeneo mengine, vijiji vyetu vingi vya Kisii na Nyamira vikiwemo, kilikuwa kama shilingi 8,600. Hapo posho ya nyumba haimo. Wiki ya kazi ni saa 52 zilizogawanywa kwa siku sita. Chukua yaya anayelala kwako, anaamka saa kumi na moja alfajiri na kufunga mlango wa jikoni saa nne usiku: hizo ni saa 17 kwa siku, saa 102 kwa wiki. Umemwajiri mtu mmoja, ukamfanyisha kazi ya wawili, na huenda bado hujafikia mshahara wa mmoja.

Ukiugawa mshahara huo wa mjini kwa saa halali za mwezi unapata kama shilingi 66 kwa saa. Hicho kisiwe kipimo cha anayeitwa kwa siku moja, au kwa jioni ya harusi. Kibarua hana uhakika wa kesho, nauli ya matatu ni yake, na agizo lenyewe linaweka kiwango cha siku na cha saa juu ya mgawanyo huo wa mwezi. Kwa hiyo yaya wa siku asiogope kusema zaidi. Mtoto wa pili aongeze bei, ingawa si mara mbili. Mtoto chini ya mwaka mmoja azidi wa miaka minne. Kulala na mtoto mgonjwa ni malipo ya usiku. Kufua nguo za nyumba nzima ni kazi nyingine, itajwe kwa jina lake na ihesabiwe peke yake. Naye yaya ajue kuwa ukitaja bei ya fundi, umejifunga kutoa kazi ya fundi: simu ikae mfukoni, na mlango usifunguliwe kwa rafiki.

Najua jibu linalokuja. Mwenye meza ya mboga Keroka hapati pesa hizo za kumpa mtu, pengine hata yeye mwenyewe hazioni. Ni kweli, na kumtupia sheria usoni hakumsaidii. Suluhisho lake limeshabuniwa na wanawake wenyewe: jirani mmoja anakaa na watoto wanne au watano wa wenye meza, kila mama analipa kwa siku, chakula anakuja nacho au analipia. Mpango huo ni mzuri watoto wachanga wasipozidi mikono. Watatu wasiotembea tayari ni wengi kwa mtu mmoja. Anayewapokea kumi kwa bei ya chini hajamsaidia mtu, amepanga ajali. Kaunti zikijenga masoko zijenge na chumba cha watoto ndani yake, chenye maji na choo, kodi yake iwe ndogo. Choo cha soko wanakumbuka kukizindua kila mwaka wa uchaguzi, chumba cha mtoto hawakumbuki.

Lakini mwenye mshahara, mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti, huyo hana udhuru. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira kinataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoielewa, na Ekegusii ni lugha. Kwa hiyo wewe unayesoma haya huku mwanao yuko mgongoni kwa mwanamke mwingine, chukua karatasi leo jioni. Andika kiasi, tarehe ya kulipa, saa ya kuanza na ya kumaliza, siku yake ya kupumzika, likizo yake ya siku 21 kwa mwaka, na kazi ambazo si zake. Msomee, mtie sahihi nyote wawili, na nakala moja abaki nayo yeye.