Anwani Husomwa Kutoka Mkiani

Barua inayokwenda Nanyala huandikwa juu ya bahasha kwa kuanza na kidogo na kumalizia na kikubwa: Nanyala, Mbozi, Songwe, Tanzania. Karani wa posta hahitaji kufundishwa kwamba neno la mwisho ndilo linaloamua mzigo upande gari gani. Mtu akikosea akaandika Nanyala, Mbozi, Songwe, Lusaka, bahasha itavuka mpaka pale Tunduma iende zake Zambia, ingawa maneno matatu ya mwanzo ni ya kweli tupu. Anwani za intaneti zimejengwa hivyo hivyo, kidogo mbele na kikubwa nyuma. Ajabu ni kwamba mtu asiyeweza kukosea bahasha huibonyeza linki yenye kosa lile lile na kuijazia jina lake, namba ya kitambulisho cha taifa na neno la siri. Sababu si ujinga. Tumezoea kuuliza swali lisilo na faida, yaani kama ukurasa unafanana na wa kweli, na swali hilo tunauuliza ukurasa wenyewe. Ninachotetea hapa ni kwamba ukurasa hauwezi kujitolea ushahidi. Kila kinachofaa kukufanya uuamini kiko nje yake: kwenye mkia wa anwani, kwa mtu wa tatu, na katika kile unachoombwa utoe.

Tuanze na mkia, maana ndipo penye ufundi. Chukua linki hii ambayo nimeitunga mwenyewe: https://portal.ajira.go.tz.nafasimpya-songwe.com/maombi. Jicho la haraka linaona portal.ajira.go.tz, ambayo ni anwani halisi ya kuombea kazi kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na linatosheka. Njia sahihi ni kuruka zile alama mbili za mkwaju baada ya https, kwenda hadi kwenye mkwaju wa kwanza unaosimama peke yake, kisha kurudi nyuma kuelekea kushoto. Unachokutana nacho kwanza ni .com, halafu nafasimpya-songwe. Hapo ndipo penye mwenye mali. Aliyesajili nafasimpya-songwe.com ana uhuru wa kutanguliza maneno yoyote mbele ya jina lake, ikiwemo ajira, go na tz, bila kumwomba mtu ruhusa, kama mwenye nyumba anavyoweza kuchora nembo ya halmashauri juu ya mlango wake. Maneno yanayofuata baada ya mkwaju nayo ni yake, kwa hiyo tovuti yoyote inaweza kumalizia na /ajira.go.tz na isiwe na uhusiano wowote na serikali. Kistari nacho si nukta: ajira-go-tz.com ni jina moja tu refu lililonunuliwa na mtu mmoja. Iko pia hila ya alama ya @, ambapo kila kilichoandikwa kabla yake kwenye sehemu hiyo kivinjari hukichukua kama jina la mtumiaji, na safari halisi huanza baada yake.

Mkia wa Tanzania una maana zake, na inafaa kuzijua. Chini ya .tz kuna vikoa vya ngazi ya pili: co.tz kwa biashara, ac.tz kwa vyuo, sc.tz kwa shule, or.tz kwa mashirika yasiyo ya faida, go.tz kwa serikali. Mlango wa co.tz uko wazi, yeyote anaweza kuingia kwa ada isiyo kubwa, hivyo co.tz haithibitishi zaidi ya kwamba mtu fulani alilipa. Mlango wa go.tz una mlinzi. Jina la mwisho huo hupewa taasisi za umma pekee, na tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 kuna mamlaka kamili, eGA, inayosimamia mifumo ya serikali. Kwa hiyo herufi hizo nne zikiwa mkiani kabisa, kabla tu ya mkwaju, zina uzito. Zikiwa katikati hazina uzito wowote. Watu wa ukanda huu wana mfano wao wa jina na mahali kupishana: Uwanja wa Ndege wa Songwe hauko Mkoa wa Songwe, uko Mkoa wa Mbeya. Hakuna aliyekusudia kumdanganya abiria, jina lilikuwepo kabla ya mkoa kuundwa mwaka 2016. Lakini anayekwenda Vwawa kwa kusoma jina tu atajikuta na safari nyingine ya barabara mbele yake.

Kuhusu sura ya ukurasa sitakaa sana. Nembo ya taifa, rangi za bendera na picha ya waziri hunakiliwa kwa dakika chache. Hata ile picha ndogo yenye kichwa cha habari inayochomoza WhatsApp chini ya linki haikuwekwa na WhatsApp kama ukaguzi. Huchukuliwa kutoka maelezo aliyoyaandika mwenye ukurasa. Kinachonikera zaidi ni ushauri wa kutazama kufuli, kwa sababu bado unatolewa kwenye semina. Kufuli lilimaanisha kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yamefichwa, asiyehusika asiyasome njiani. Halikusema neno kuhusu tabia ya uliyekuwa unaongea naye. Tangu Let's Encrypt waanze kutoa vyeti vya usalama bure mwaka 2015, tapeli naye anapata chake kwa dakika chache, na mwaka 2023 Google waliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari cha Chrome wakisema watu wengi wanaielewa vibaya, wakidhani ni cheti cha uaminifu.

Basi ushahidi utoke wapi? Lori linaloshuka barabara kuu ya Tanzania na Zambia likipita Nanyala kuelekea Tunduma haliulizwi lina tani ngapi. Linapandishwa kwenye mizani pale Mpemba. Dereva anaweza kuwa mkweli kuliko wote barabarani na makaratasi yake yakawa safi. Mizani haisomi makaratasi. Wahakiki wa habari hufanya kazi namna hiyo, na kuna utafiti uliolionyesha jambo hili vizuri. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya kuwaangalia watu 45 wakipima tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki 10 wa kulipwa na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Katika zoezi moja waliwekewa kurasa mbili, ya chama kikubwa cha madaktari wa watoto Marekani kilichoanzishwa mwaka 1930, na ya kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002 kikiwa na jina linalofanana. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa, wakasoma kwa makini, wakapima lugha, tarehe na marejeo, na wengi wao wakashindwa kutofautisha. Wahakiki walikaa sekunde chache tu, wakafungua kurasa nyingine na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti. Hawakudanganyika. Hapo ndipo pana kitu cha kuwashtua walimu wetu: kusoma kwa makini, fadhila tunayoihubiri shuleni, ndiko kulikowaponza wasomi, kwa sababu walikuwa wakimsikiliza shahidi mmoja kwa muda mrefu zaidi. Nukta Fakti na JamiiCheck hapa Tanzania, na PesaCheck ya Nairobi, wanafanya kazi ya mizani, na mara nyingi uvumi unaozunguka kwenye grupu lako wameshaupima.

Kuna anayeweza kunipinga kwamba nimelipa jina rasmi heshima lisiyostahili, na pingamizi hilo lina nguvu. Mei 2025 wadukuzi waliingia kwenye akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania katika mtandao wa X, wakaweka picha za ngono na taarifa ya uongo kwamba Rais amefariki. Anwani ilikuwa sahihi, akaunti ilikuwa ya polisi wenyewe. Aliyesoma mkia tu angeamini. Ila tazama habari yenyewe: kifo cha Rais wa nchi hakiwezi kujulikana na polisi pekee. Kingetangazwa Ikulu, redio ya taifa ingebadilisha vipindi, kama ilivyokuwa Machi 2021 Makamu wa Rais alipotokea kwenye runinga kutangaza kifo cha John Magufuli. Habari kubwa ikitoka kwenye mdomo mmoja tu, hata mdomo huo uwe rasmi, bado haijapimwa. Pingamizi hili kwa hiyo linanisaidia kuliko linavyonibomoa: anwani ya kweli inakuambia nani mwenye nyumba, haikuambii nani yuko ndani usiku huo.

Pingamizi gumu zaidi ni la ukimya. Takwimu za kina za mwisho za corona ambazo Tanzania ilizitoa kwa wakati ule zilikuwa za tarehe 29 Aprili 2020. Tarehe 10 Mei Rais Edgar Lungu wa Zambia akatangaza kufungwa kwa muda kwa mpaka wa Nakonde, kwa sababu maambukizi yalikuwa yamepanda mjini hapo. Mtu wa Nanyala au Mlowo aliyetaka kujua kama lori litavuka asingepata jibu kwenye go.tz, hata kama angeisoma herufi kwa herufi. Jibu lilikuwa upande wa pili wa mpaka, kwenye matangazo ya serikali ya Zambia. Ninachokiona hapo ni kwamba uhalali wa chanzo hauendi kwa ujumla, unakwenda kwa jambo. Anayeufunga mpaka ndiye chanzo cha habari ya kufungwa kwa mpaka. Ilikuwa hivyo tena Agosti 2024, Zambia ilipofunga kwa muda mipaka yake na Kongo kwa mgogoro wa vinywaji: wizara ya Dar es Salaam au Dodoma ingeweza kurudia habari hiyo, lakini malori ya mpakani Kasumbalesa yaliongozwa na tamko la Lusaka. Na vyanzo viwili vinavyochota kisima kimoja ni chanzo kimoja. Grupu kumi zilizosambaziana ujumbe ule ule wenye mishale miwili hazifiki hata hapo.

Hata hivyo si kila linki inastahili jasho lote hili. Anayesoma matokeo ya Simba na Yanga kwenye tovuti asiyoijua atapoteza bando kidogo, basi. Ukali wa kupima uende na ukubwa wa unachoombwa. Hapa mfumo wenyewe wa nchi umetupa vipimo ambavyo havitazami sura. Malipo ya serikali hupita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mitaani huitwa kontroo namba, kwa mfumo wa GePG ulioanza mwaka 2017. Ada ya serikali inayotakiwa itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi imejikana yenyewe. Sekretarieti ya Ajira imerudia mara kwa mara kwamba haiuzi nafasi za kazi. Kwa mikopo ya simu, kipimo ni leseni ya Benki Kuu, wala si programu kupatikana kwenye duka la Google: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Na kabla ya kusoma riba, tazama programu inataka kuona nini. Mkopeshaji anayetaka orodha yote ya majina yaliyomo kwenye simu yako hataki dhamana ya mali. Anataka shangazi yako na mwajiri wako, awapigie siku utakayochelewa kulipa.

Nimesikia pia hoja kwamba ufundi huu ni wa watu wa ofisini, kwamba mkulima wa kahawa wa Mbozi mwenye simu yenye kioo kilichopasuka hawezi kuanza kukagua nukta na mikwaju. Naikubali nusu. Ni kweli kwamba utapeli wa kanda hii unakuja zaidi kwa sauti na ujumbe mfupi kuliko kwa linki. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimeutaja mara kwa mara mkoa jirani wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Lakini nusu ya pili ya hoja inasahau kwamba njia za nje hazidai kioo kizuri. Kubonyeza *106# kunakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” unapelekwa 15040. Anayejiita huduma kwa wateja anakatiwa simu, na wewe unapiga 100 mwenyewe. Mantiki ni ile ile katika zote tatu: mlango ulioletewa unaufunga, unaingia kwa mlango unaoujua. Kwa linki ni hivyo hivyo, wala hailazimu kuichambua kama nilivyofanya juu. Acha ujumbe ulipo, fungua kivinjari, andika ajira.go.tz kwa kidole chako. Ni kubonyeza mara 11, na nafasi ya kazi kama ipo utaikuta pale.