Shubiri Moja ya Mkia

"Mwanangu, leo umeshika kuku?"

Hilo ndilo swali nililolakiwa nalo mlangoni mwa banda la nyoka, hata kabla ya salamu. Mchana nilikuwa nimekula kuku wa kupaka, tena kwa mkono. Mzee mwenye banda akanionyesha bomba na sabuni. Chatu huwinda kwa harufu na kwa joto. Midomoni ana vishimo vinavyohisi joto la kiumbe. Mkono wenye joto na harufu ya kuku, kwake, ni kuku.

Pwani ya Kenya si ngeni kwa kazi hii. Watamu kuna shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda. Banda la Mzee ni dogo, lina kibali cha Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) ukutani, na ndani yake hakuna kitu kinachofanywa mbiombio.

Siku hiyo chatu mchanga alikuwa na zamu ya kula. Panya wa kwenye friza alikwisha kuyeyuka barafu, sasa yumo ndani ya mfuko, mfuko umo kwenye maji ya moto. Mzee akamtoa, akambonyeza tumbo kwa kidole gumba, akamrudisha majini. "Katikati bado baridi." Nyama baridi huweza kuoza tumboni kabla nyoka hajaisaga, akaitapika. Na kwa nini asipewe panya hai? Panya hai hujitetea, na meno yake yanatosha kumtoboa nyoka jicho. Ukubwa wa panya nao hupimwa kwa macho: asizidi sana unene wa nyoka mwenyewe.

Vitabu vya Ulaya huhangaika na taa za joto na themostati. Mzee huhangaika na jua. Upande mmoja wa kizimba ni nyuzi 31 au 32, wa pili uko chini ya kivuli cha makuti, na nyoka huhama mwenyewe apendavyo. Kizimba cha kioo kikiachwa juani, mfugo hufa upesi kuliko unavyodhani.

Lakini kilichonishika hasa ni usafi wa kizimba cha koboko. Ndani mna kisanduku cha mbao, giza tupu, chenye mlango wa kusukuma. Koboko akiingia kujificha, Mzee huusukuma mlango kwa upembo akiwa nje, kisha ndipo afungue na kufagia. Siku ile koboko aliingia karibu mwili wote, ikabaki shubiri moja ya mkia. Mzee akavuta kigoda. Tukakaa dakika arubaini tukiutazama mkia. Mimi ningeshaugusa kidogo tu na fimbo. Yeye alizungumzia bei ya unga. Mkia ulipoingia, mlango ukateleza, tak, naye akachungulia tundu la kioo kuhakikisha kabla hajagusa kufuli.

Wapo vijana wanaojipiga picha wakibusu swila. Kwangu mimi hao hawajui kazi.

Tukarudi kwa chatu. Panya alining'inizwa kwa koleo refu kama mkono. Chatu akaruka, akajiviringisha, akameza taratibu, kisha akapiga miayo miwili kurudisha taya mahali pake. Mzee akaandika kwenye kadi: tarehe, panya mmoja, amekula. Kwa siku mbili hakuna wa kumshika, asije akatapika.

Akaenda bombani tena.