Mfasiri wa Ufundi na Kipimo cha Mti: Mfano wa Mgori

Wanaotafuta mfasiri wa maandiko ya ufundi huuliza kwanza shahada yake ya lugha. Swali hilo halitoshi, na msitu wa Mgori, mkoani Singida, waonyesha sababu.

Msitu huo wa miombo, wenye hekta zipatazo 40,000, ulikusudiwa kuwa hifadhi ya Serikali. Katikati ya miaka ya 1990 usimamizi wake ukakabidhiwa vijiji vinavyopakana nao. Hapo vipimo vya mabwana miti vikapaswa kufahamika pia kwa walinzi na wajumbe wa kamati za vijiji, ambao wengi wao huzungumza Kinyaturu nyumbani na kusoma Kiswahili.

Kitazamwe kipimo kimoja. Ili kujua wingi wa miti, wataalamu hujumlisha maeneo ya mikato ya mashina yote katika hekta moja. Jina la Kiingereza la jumla hiyo lataja msingi, ilhali shina hupimwa mita 1.3 juu ya ardhi, usawa wa kifua. Mfasiri mjuzi wa sarufi tu ataandika “eneo la msingi”. Na msomaji, wala hana kosa, atainama na kuzungusha utepe karibu na mizizi, palipovimba. Mti wenye kipenyo cha sentimeta 30 kifuani na 36 chini utahesabiwa eneo lililozidi la kweli kwa asilimia 44. Msitu uliokonda utaandikwa kuwa umenenepa, na vibali vya kukata vitatolewa kwa hesabu hiyo. “Eneo la mkato kifuani” si jina tamu, lakini halimpotezi mtu.

Neno “hifadhi” nalo lataka uangalifu. Sheria ya Misitu ya 2002 inazo hifadhi za taifa na za ardhi ya vijiji pia. Mfasiri akiacha kutaja ya nani, mwanakijiji aweza kudhani amenyang'anywa msitu.

Tangu 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria za nchi, kazi hii imezidi uzito. Orodha za istilahi, hata zilizosanifiwa na BAKITA, humpa mfasiri jina tu. Afadhali kumjaribu hivi: apewe ukurasa mmoja aufasiri, kisha mlinzi wa msitu ausome na kupima mti mbele yake.