Maji Yamekwenda Wapi

Msimu wa korosho Mtwara ndio msimu wa magari kuchemsha. Oktoba ikiingia, jua limeshakolea na mvua haijafika, na malori yanapishana usiku na mchana kati ya bandari na uwanda wa Makonde: Nanyamba, Tandahimba, Newala na kurudi. Hufiki mbali kabla hujakuta moja limeegeshwa pembeni, boneti juu, mvuke unafuka, utingo anapita nyumba hadi nyumba na dumu mkononi akipiga hodi ya maji. Mita chache mbele kuna gari dogo la Kijapani lenye maradhi yaleyale. Dawa ni moja kwa wote: jaza, funga, washa, twende. Kesho linajazwa tena. Ukiuliza, unajibiwa kwamba hili gari linakula maji, na anayejibu hana wasiwasi wowote.

Gari halili maji. Hilo nilielezwa na mzee mmoja wa Magomeni, Mtwara mjini, ambaye kwa miaka yote niliyomfahamu hakutengeneza kitu kingine zaidi ya rejeta. Hakugusa breki, hakugusa gia, na ukimletea habari za umeme wa gari alikuonyesha kwa kidevu gereji ya jirani. Alikaa chini ya mkorosho, mbele yake pipa lililopasuliwa kwa urefu na kujazwa maji, ubavuni jiko la mkaa. Dereva alifika, shikamoo, marahaba, na kabla hajamaliza kueleza alikotoka mzee alikuwa ameshauliza: "Maji yamekwenda wapi?" Hakuuliza yamepungua kiasi gani wala yamejazwa mara ngapi. Vijana wengi swali hilo liliwaudhi. Walikuja kuzibiwa tundu, na mwenye kuziba ndiye anayewauliza wao.

Nusu ya ufundi wake ilikuwa humo. Maji ya injini yamefungiwa. Yanatoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta na kurudi, yamebeba karibu theluthi ya joto lote la mafuta yanayoungua, na hayakuwekewa mlango wa kutokea. Yakipungua, pana mahali yamepita, na hapo yalipopita yameacha alama. Mzee alianza msako asubuhi, injini ikiwa baridi, maana mtu anayefungua mfuniko wa rejeta ya moto alimhesabu kuwa hana haja na uso wake. Alipitisha kidole kwenye maungio ya mipira akitafuta ukoko mweupe au wa kijani, yaani maji yaliyovuja safarini yakakaukia palepale. Aliinama chini ya wota pampu, ambako kiwandani wameacha kitundu makusudi ili sili ikianza kufa, tone litokee hapo na kuonekana. Nimewahi kumwona fundi mmoja wa siku hizi akikiziba kitundu hicho kwa gundi na kudai malipo. Kisha mzee aliinua zulia la upande wa abiria, kwa sababu magari ya Japani yana kirejeta kingine cha kuwapasha watu joto, kitu ambacho Mtwara hakuna aliyewahi kukihitaji lakini huvuja vilevile. Mwisho kabisa alichomoa kijiti cha oili na kukitazama juani. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, alikirudisha taratibu. "Hii si kazi yangu, mwanangu. Maji yamekwenda ndani." Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, na kwa habari hiyo mbaya hakudai hata shilingi.

Ikiwa rejeta ndiyo yenye kosa, hapo ilikupasa utafute kigoda ukae. Aliishusha, akaziba midomo yake kwa vipande vya tyubu kuukuu, mdomo mmoja akauunga na pampu ya baiskeli, akaizamisha yote kwenye pipa. Alisukuma pampu, akaacha, akangoja. Mahali fulani katikati ya mapezi pakatoka uzi wa vipovu, mwembamba kiasi kwamba mimi niliutafuta na kuukosa hadi aliponielekeza kwa msumari. Alikwaruza alama. Hakuinuka. Aliigeuza, akasukuma tena, akaigeuza tena, kwa kuwa rejeta iliyozeeka haivuji mahali pamoja tu, na dereva anayerudishwa na tundu la pili atasema lile la kwanza halikuzibwa.

Risasi haishiki penye uchafu. Alisugua shaba kwa brashi ya waya mpaka ikatoa wekundu wake, kisha akapaka asidi, na asidi yenyewe alikuwa ameshaiua. Ndivyo alivyosema, kuiua. Alikuwa akichana maganda ya zinki ya betri za redio zilizokwisha, akiyakwangua ndani na kuyatumbukiza kwenye chupa ya asidi aliyoiweka mbali, upande ambao upepo unakwenda. Chupa ilichemka yenyewe na kufuka, naye hakuisogelea mpaka itulie, zinki imebaki chini haimung'unywi tena. Asidi iliyoshiba zinki haili shaba, inaisafisha tu. Wanafunzi wetu wanafundishwa jambo hilo kwenye kemia, wanalijibia mtihani na kulisahau. Yeye hakukaa darasa hilo, na kila wiki alilitumia. Betri iliyowatangazia watu mpira wa Simba na Yanga, ikiisha nguvu, ilikuwa na kazi nyingine ya kuliwezesha lori la korosho lifike bandarini.

Nondo ya shaba ilitoka kwenye mkaa, ikaguswa risasi, risasi ikayeyuka na kukimbilia kwenye ufa. "Usiisukume," alisema, "njia inaijua." Kweli iliifuata yenyewe, ikazunguka mrija na kutulia. Aliifuta kwa kitambaa kibichi, akairudisha rejeta kwenye pipa, akasukuma pampu, na safari hii maji yalikaa kimya. Risasi ni sumu, najua, na yeye alikuwa akiishika kwa mikono mitupu na kula muhogo baadaye. Sisifu hilo.

Napenda kuamini kwamba kazi hii ililetwa kusini na karanga. Mradi ule mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947, ndio ulioipatia Mtwara bandari ya kina kirefu, na reli ya kwenda Nachingwea kubeba karanga ambazo hazikutosha kubebwa. Mradi ulikufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ilifungwa. Lakini matrekta na malori hayaji bila karakana, na karakana haziendi bila watu wa kushika spana, na watu hao walibaki. Mzee alisema aliyemfundisha alitokea huko. Sina sababu ya kumbishia.

Ila kulithamini tone la maji watu wa huku hawakufundishwa na Mwingereza yeyote. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na maji yanatokeza chini kabisa kwenye chemchemi za mabondeni. Ukisimama Newala ukingoni, pale panapoitwa Shimo la Mungu, unatazama kule bonde la Ruvuma na kufahamu maana ya kuteremka na ndoo tupu na kupanda na iliyojaa. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, mabomba yakapanda mlima, na mpaka leo zipo siku ambazo bomba limekauka na ndoo inanunuliwa. Kwa nyumba kama hizo ndiko utingo anakopiga hodi. Karibu na Tandahimba niliwahi kumwona bibi akitoa nusu ndoo kwa watu wa lori, bila kinyongo, akayafuata maji yake mpaka kwenye boneti kuona yanakotiwa. Yakaingia juu, yakaanza kudondoka chini. "Mjukuu wangu," alimwambia utingo, "lizibeni kwanza, ndipo mje kuomba." Hakuwa amewahi kushika usukani, na utambuzi wake ulikuwa sahihi kuliko wa wanaume wote watatu waliokuwa juu ya lori.

Huku chini pwani maji yapo, taabu ni aina yake. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na chumvi ndani ya rejeta hula chuma na kuacha magamba mirijani. Mzee alipolifungua tangi la juu na kupitisha ukanda mwembamba wa chuma kwenye mrija mmoja baada ya mwingine, yale magamba yalimwagika mchangani, na kwa kuyatazama tu aliweza kukisia gari linalala wapi. Madereva wa zamani walionja maji kabla ya kuyatia. Walikinga ya mvua kwenye mabati, wakayatunza kwenye dumu la gari, na mtoto hakuruhusiwa kuyanywa. Waliokwenda Kilambo kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji walijua na jambo jingine. Kivuko kilingoja maji yajae, lakini yakijaa, bahari imeshaingia mdomoni mwa mto. Maji ya kuvukia hayakuwa maji ya rejeta. Aliyetaka kuchota angoje yatoke, au apande juu zaidi. Na njia za huko, kama ile ya Msimbati, zina mchanga unaolitembeza gari kwa gia namba moja, injini inanguruma na upepo haupiti kwenye mapezi. Asiyetazama maji kabla ya kuingia mchanga ule aliyatazama akiwa katikati yake.

Madereva wa leo hawatazami. Dashibodi ina taa, wanasema, itawaka. Nyingi ya taa hizo zinangoja joto lipande, na geji inayosoma joto la maji ikikosa maji ya kusoma inaweza kukudanganya mpaka injini inoki. Mfuniko wa rejeta umeandikwa namba, 0.9 au 1.1, nayo ni kipimo cha shinikizo: maji yakibanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia hadi karibu 120. Mpira wa mfuniko ukichakaa maji hutoka kidogo kidogo kama mvuke, bila tone chini ya gari, na mwenyewe anabaki kulaumu rejeta. Akienda kununua mfuniko mwingine anachukua wowote unaoingia. Themostati ndiyo imeonewa zaidi. Fundi anaichomoa na kuitupa, akisema ni kitu cha nchi za baridi, wakati kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake, nyuzi 80 na kitu, na kuishikilia hapo. Injini isiyopata joto inakula mafuta na kujisaga. Mzee naye mwanzoni aliidharau kulanti, akiita maji ya rangi ya watu wa barafu. Alibadilika alipofungua injini iliyoitumia na kukuta haina kutu. Baada ya hapo alikuwa mkali kwa wanaochanganya ya kijani na nyekundu na kumletea tope.

Kilichomshinda ni alumini. Rejeta za sasa zina mirija ya alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno pembeni. Risasi haishiki hapo, iue asidi upendavyo. Plastiki ikipasuka kwa uzee wa joto unatupa yote. Wanaokataa kutupa wanamimina unga wa kuziba, au sabuni, au yai, na kweli tundu linaziba, pamoja na nusu ya mirija mizima. Niliwahi kumsimulia mzee kwamba rejeta ya Mercedes ya mwaka 1900, aliyoibuni Wilhelm Maybach, ilikuwa na vijirija 8,070 vya mraba vilivyoungwa kwa risasi. Nilidhani atastaajabu. Aliuliza nani alikuwa akitafuta kinachovuja.

Rejeta kuukuu za shaba zina wateja wengine sasa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani, shaba wanaipenda, na mwenye lori akipiga hesabu anaona iliyokufa inamlipa kuliko iliyozibwa. Macho yalipoanza kumtupa, mzee aliacha kazi akarudi kwao bondeni Ruvuma. Aliwafundisha vijana wawili mpaka wakajua. Mmoja anaendesha bodaboda, ambayo injini yake inapozwa na upepo na haina maji ya kuulizia. Wa pili ana duka la rejeta mpya za alumini. Nilimpitia msimu uliopita, akaniambia biashara si mbaya, wateja walewale wanarudi kila mwaka.