Baa Isiyokuwepo

Wasomaji wengi wa Kiswahili humjua George Orwell kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Ni wachache walioisoma insha yake fupi, "The Moon Under Water", iliyotoka mwaka 1946 katika gazeti la Evening Standard la London. Humo anaisifu baa aipendayo kuliko zote: haina redio wala piano, hivyo watu husikilizana, wahudumu huwajua wateja kwa majina, samani ni za kizamani, na nyuma ipo bustani wanamocheza watoto. Mwishoni anafichua kwamba baa hiyo haipo.

Ufichuzi huo ndio nguvu ya insha. Baa yenyewe ni ya mjini, lakini sifa zake ni za kijijini: kujuana, utulivu na kutojikweza. Hata bia haikuwekwa mbele. Kinachomvuta mwandishi, asema, ni hali ya mahali penyewe.

Mtu aliyekulia Uchagga haoni ugeni hapo. Kilabu cha mbege hakihitaji kibao wala taa za rangi. Yatosha mabenchi, na kata ipitayo mkono kwa mkono. Pombe hiyo ya ndizi na ulezi haikai siku nyingi, kwa hiyo ikishaiva hapana budi watu wakutane. Hapo husikika habari za msiba, bei ya kahawa na ugomvi wa mipaka ya vihamba.

Hata hivyo, insha ina pengo. Orwell anaitetea bustani kwa hoja nzuri, kwamba mama asibaki nyumbani na mtoto huku baba akinywa peke yake. Lakini haulizi fedha za baba huyo zimepungua kiasi gani. Katika miaka yangu ya ualimu niliwaona watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, ilhali kata ya baba haikukauka. Sifa isiyoihesabu gharama hiyo ni sifa ya mteja tu.

Pamoja na hayo, kipimo chake cha bustani nakikubali, nami ningekitafsiri hivi: kilabu kizuri ni kile ambacho mtoto aweza kuja mlangoni kumwita baba yake, naye baba akainuka pasipo kuona haya.